Charley Toorop asitambulishwe kwa jina la baba yake

Ndugu zangu, nitalisema tena, na nitaendelea kulisema mpaka waandishi wa katalogi wanisikie: Charley Toorop si "binti wa Jan Toorop", yule mchoraji maarufu, wala si "mama wa Edgar Fernhout". Ni mchoraji. Alizaliwa Katwijk, Uholanzi, mwaka 1891, akafariki Bergen, huko huko Uholanzi, mwaka 1955, na kazi alizoacha zinatosha kumtambulisha.

Itazameni picha yake ya Vizazi Vitatu, mali ya makumbusho ya Boijmans Van Beuningen ya Rotterdam. Aliianza 1941, akaimaliza 1950. Miaka tisa! Nyuma kuna sanamu kubwa ya kichwa cha Jan, kazi ya mchongaji John Rädecker. Yupo na Edgar, mwanawe. Halafu Charley mwenyewe, brashi mkononi, amekukazia macho. Baba alikwishakufa tangu 1928; hapo ni sanamu tu. Mwana naye ni mchoraji, lakini hapo anachorwa. Anayewachora wote ni nani? Ni huyo mama! Sasa mtu anasimama mbele ya picha hiyo, anaitazama, kisha anakwenda kuandika maelezo yanayoanza na jina la baba. Inaniuma kila mara.

Najua kuna atakayesema: bila baba, nani angemfungulia mlango? Sawa, alikulia katika nyumba ya sanaa, wasanii wakiingia na kutoka. Lakini yeye alisomeshwa muziki, violini na kuimba. Uchoraji alijifunza mwenyewe. Tena Jan, mzaliwa wa Java, alivuma kwa mistari inayojipindapinda na wanawake wa ndotoni. Charley alikwenda kijiji cha Westkapelle kuchora wakulima: nyuso zenye mikunjo, macho yasiyopepesa. Baba yuko wapi hapo? Ndoa yake ilivunjika 1917, akiwa na watoto watatu, na brashi hakuiweka chini.

Muda unaniishia, na sijagusa Vita vya Pili vya Dunia. Wajerumani walipoiteka Uholanzi na kuwataka wasanii wajiandikishe katika baraza lao la utamaduni, alikataa. Mwaka 1941 alimchora mchekeshaji wa sarakasi mbele ya magofu ya Rotterdam, mji uliopigwa mabomu Mei 1940. Picha hiyo iko makumbusho ya Kröller-Müller, kule Otterlo. Mkijaliwa kufika, kaeni kwanza na uso wa yule mchekeshaji, kibao cha maelezo mtakisoma baadaye.