Nani kanikatia posti yangu vipande vipande? Kipindi cha edita ya bloki

ZUHURA: Haya karibuni tena, hapa Zuhura, na pembeni yangu yupo Baraka ambaye leo kaingia hata salamu hajamaliza kashaanza kulalamika, nikamwambia kaka subiri tuwashe maiki kwanza usije ukamaliza uhondo wote huku nje.

BARAKA: Dada Zuhura acha tu. Mi mtu wa Classic Editor, ile edita ya zamani ya WordPress, wote mnajua, nimekaa nayo miaka na miaka, sasa wiki hii nikapewa kazi ya kuandika kwenye tovuti ya watu, naingia kwenye WordPress yao, ule mfumo wa kuendeshea tovuti, nakuta edita ya bloki, ile inayofanya kila aya na kila picha kuwa kipande chake, plagini ya Classic, yaani programu ya nyongeza ya kurudisha ile ya zamani, haipo, na akaunti niliyopewa ni ya mwandishi tu siwezi kuweka plagini. Yaani nimepelekwa darasani mzobemzobe.

ZUHURA: Afadhali! Ingekuwa kitu cha jana ningekuonea huruma. Imeingia rasmi na WordPress 5.0, tarehe 6 Desemba 2018, na kabla ya hapo tangu 2017 ilikuwa inazunguka kama plagini ya majaribio. Umekimbia mbio ndefu sana wewe.

BARAKA: Lakini sikukimbia peke yangu. Plagini ya Classic Editor imewashwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 5, hao wote nao vichwa vigumu kama mi? Na wenyewe walisema wataihudumia mpaka mwisho wa 2021, ikafika, wakasogeza mbele.

ZUHURA: Hapo sikatai. WordPress imeanza 2003, kwa hiyo watu walikuwa na miaka 15 ya kuandika kwenye kisanduku kimoja kama karatasi, halafu asubuhi moja unaamka karatasi imekatwa. Haya tuambie, nini kilikukera kwanza?

BARAKA: Kategoria.

ZUHURA: Kategoria zimefanya nini tena?

BARAKA: Zimepotea! Nimemaliza kuandika, natafuta pa kuweka kategoria, nipo pale upande wa kulia naona saizi ya herufi, rangi, nafasi, vitu kibao sijui nani kaviomba, kategoria sizioni. Nusu saa dada. Nikafikiri labda akaunti yangu imenyimwa ruhusa, nikataka kabisa kumwandikia mwenye tovuti.

ZUHURA: Ulikuwa umesimamisha kile kimstari cha kuandikia ndani ya aya, si ndiyo?

BARAKA: Enhe.

ZUHURA: Basi ndo hapo. Ule upande wa kulia una vichupo viwili, kimoja cha posti nzima na kingine cha bloki uliyoigusa, ukigusa bloki wenyewe unarukia cha bloki. Kategoria, lebo, picha kuu ya posti, tarehe ya kuchapisha, vyote viko kwenye kile cha posti. Na hili nakwambia kila mtu ninayemfundisha anakwama papo hapo, hata wale wajuaji, kwa sababu zamani kila kitu kilikuwa kimetandazwa mbele yako hakuna cha kujificha.

BARAKA: Afu ule mstari wa vitufe unaoelea juu ya kila aya unayogusa. Naandika, nataka kusoma sentensi ya juu, umeifunika. Nausogeza wapi huu?

ZUHURA: Nenda kwenye vidoti vitatu juu kabisa kulia, kuna chaguo la kuupeleka mstari wa vitufe juu ya ukurasa, ukiwasha unatulia kule kama edita yako ya zamani. Hapohapo utaona na hali ya skrini nzima, tangu 2020 toleo la 5.4 inawashwa yenyewe, ndo maana menyu ya kushoto huioni. Zima. Hivi viwili tu ukivifanya siku ya kwanza nusu ya hasira inaisha.

BARAKA: Mbona hamsemi mapema jamani.

ZUHURA: Hukuuliza, ulikuwa umejifungia na Classic yako.

BARAKA: Sawa, nimekubali. Ila nina hoja na usinikatishe. Kuandika ni kitu kimoja na kupanga ukurasa ni kitu kingine. Mi nikiandika sitaki kufikiria hii ni bloki ya aya, hii ni ya kichwa, hii ya nukuu, nataka maneno yatoke kwanza. Hii edita inanifanya fundi ujenzi kabla sijajua nyumba yenyewe ya nini.

ZUHURA: Kwanza jina la hii edita lenyewe, Gutenberg, yule mchapaji wa Mainz kule Ujerumani karne ya 15, naye kazi yake ilikuwa kupanga herufi za chuma moja moja. Kwa hiyo ufundi ujenzi uko kwenye jina kabisa, hawajakuficha kitu.

BARAKA: Lakini hata yeye aliletewa maneno yameshaandikwa!

ZUHURA: Hahaha, hapo umenipata. Na kusema kweli nakubaliana na wewe zaidi ya unavyofikiri, mi mwenyewe posti ndefu siandikii mle ndani. Naandika pembeni kwenye Google Docs, nikimaliza nanakili nabandika, inajigawa yenyewe, kila aya bloki yake, orodha bloki yake, vichwa vinakuja kama vichwa. Ila, na hii ila ni kubwa, vichwa vije kama vichwa lazima kule ulikoandikia uwe umevifanya vichwa vya kweli kwa mtindo wa kichwa, siyo umekoleza maandishi tu ukaongeza saizi. Ukikoleza tu, huku inakuja aya iliyokolezwa, macho yanaona kichwa lakini anayetumia kisomaji cha skrini, ile programu inayomsomea kwa sauti asiyeona, akiruka kutoka kichwa hadi kichwa hakipati.

BARAKA: Mi nakoleza.

ZUHURA: Najua unakoleza. Posti zako zote nimeziona.

BARAKA: Na nikiamua kuandikia mle mle?

ZUHURA: Basi usiguse mausi. Mkono ukienda kwenye mausi kila dakika ndo unajiona fundi ujenzi. Ukiwa kwenye mstari mtupu andika mkwaju, ule wa kulalia mbele (/), halafu anza jina la bloki unayotaka, picha, jedwali, chochote, inakuletea orodha unabonyeza Enter. Alama mbili za reli (##) na nafasi, umepata kichwa cha ngazi ya pili. Nyota na nafasi, orodha. Ile alama ya kubwa-kuliko na nafasi, nukuu. Na ukitaka kushuka mstari bila kufungua aya mpya, mfano unaandika shairi, ni Shift na Enter.

BARAKA: Hiyo ya Shift ningeijua juzi! Nilikuwa na shairi la beti nne, kila mshororo umekuwa bloki, mishororo 16 bloki 16, shairi limeachana nafasi kama meno ya kibogoyo.

ZUHURA: Kibogoyo hana meno kaka.

BARAKA: Ndo lilivyokuwa sasa! Nikaona isiwe tabu, nikafungua upande wa HTML, yale maandishi ya kompyuta yaliyo nyuma ya ukurasa, nikaanza kufuta vitu kwa mkono, mi si najua HTML bwana. Kurudi, naambiwa bloki ina kitu kisichotarajiwa au batili, na kitufe cha kujaribu kurekebisha. Moyo ukaruka, nikajua nimeua tovuti ya watu.

ZUHURA: Hujaua kitu, na hili tulizungumze taratibu kidogo maana watu wengi linawatisha. Hizo bloki hazikai sehemu ya ajabu, zinahifadhiwa palepale posti zilipokuwa zinahifadhiwa siku zote, ni HTML ya kawaida, ila kila bloki imezungushiwa komenti za HTML, yaani maelezo yaliyofichwa, mwanzo na mwisho, yanayosema hii ni aya, hii ni picha. Msomaji wa tovuti hazioni. Sasa unapoifungua posti, edita inaangalia kilichohifadhiwa na inalinganisha na kile ambacho bloki hiyo ingekiandika yenyewe, visipofanana ndo inapiga kelele. Kwa hiyo ulifuta tagi moja, zile alama za HTML za kufungua na kufunga, ukaacha nyingine, imekushtukia.

BARAKA: Kumbe maneno yangu yalikuwepo tu.

ZUHURA: Yapo. Na ndo maana hata mtu akirudi kwenye Classic Editor maandishi hayapotei, zile komenti zinabaki mle ndani kimya. Mpangilio wa safu unaweza kuharibika ukianza kuuhariri kule, hilo kweli, ila maneno yapo.

BARAKA: Na wewe hujawahi kuharibu? Maana unaongea kama umezaliwa na bloki.

ZUHURA: Mmh. Nina moja. Nilikuwa na tangazo la mafunzo naliweka chini ya kila posti, nikalifanya bloki ya kutumia tena, moja inayotokea kwenye posti nyingi, siku hizi tangu toleo la 6.3 wanaiita patani iliyosawazishwa. Nikaingia posti moja nikabadilisha tarehe, kwa hiyo posti tu. Zikabadilika zote. Zote! Mpaka za mafunzo yaliyokwisha zamani, watu wakaanza kuniuliza kama yanarudiwa.

BARAKA: Hahahaha, ukasemaje?

ZUHURA: Nikayarudia. Utafanyaje. Ila ukitaka ya posti moja unaitenga kwanza na patani ndo unaibadilisha, kosa langu mwenyewe, ilikuwa imeniandikia kabisa.

BARAKA: Kuna msikilizaji kauliza, ana posti 300 za zamani, anataka kuzigeuza zote ziwe bloki, aanzie wapi?

ZUHURA: Asianze. Posti ya zamani ukiifungua inakaa yote ndani ya bloki moja ya Classic, ipo salama, haigeuki mpaka wewe ubonyeze kitufe cha kuigeuza. Aguse ile tu anayotaka kuihariri leo, na kabla ya hapo achukue bakapu, yaani nakala ya akiba, zile zenye shotikodi nyingi, yale maneno ya kwenye mabano ya mraba yanayoita kitu kama galari au fomu, azitazame upya baada ya kugeuza. 300 kwa mkupuo za nini?

BARAKA: Mi namuunga mkono msikilizaji, tovuti iwe na sura moja.

ZUHURA: Msomaji haoni sura ya edita kaka, anaona posti.

BARAKA: Ngoja, nimefungua moja hapa najaribu... nimebonyeza... eh. Jedwali langu lina kichwa sasa. Sikuliwekea kichwa mi.

ZUHURA: Umehifadhi?

BARAKA: Bado.

ZUHURA: Ctrl Z, itengue. Polepole. Na ondoa mkono kwenye mausi.