Kabla ya Kufungua Kompyuta, Kaeni Barazani

Walimu wenzangu, nanyi wanangu wa mwaka wa tatu, assalaam alaykum.

Jambo hili nimeshalisema mara nyingi hata baadhi yenu mnaweza kunimalizia, lakini nitalirudia maadamu miradi inayoletwa mezani kwangu ni ile ile: mwanafunzi anaandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, wa mchezo asioujua.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea programu ya bao. Sura yake ilipendeza: mashimo 32 katika safu nne, kete 64, nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, imechorwa mraba kama ipasavyo, na kila kete ikianguka unaisikia. Nikamwambia tusiishie ofisini, tuipeleke barazani kwa wanaocheza kila alasiri. Mzee mmoja akacheza na ile simu kwa robo saa, akaila safu yote ya mbele ya mashine, kisha simu ikatangaza kuwa mashine imeshinda kwa sababu kete zake za nyuma zilikuwa nyingi zaidi. Mzee akavua miwani. "Mjukuu wangu," akasema, "mbele hamna kitu, naye ananambia kashinda?" Baraza zima likaangua kicheko, na kahawa ya mtu ikamwagika.

Msimbo ule haukuwa na kosa hata moja la kisarufi. Kijana alikuwa amechukua kanuni ya Kalah, mchezo wa Marekani ambao mshindi wake ni mwenye punje nyingi, akaivisha kanzu na kofia. Kwetu, aliyeishiwa kete mbele ameshindwa, hata kama nyuma kwake kumejaa. Isitoshe, alitandaza kete mbili mbili katika kila shimo, na hilo ni bao la kujifunza. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi za kunamua, yaani kuingizwa ubaoni moja moja. Nyumba ina kazi katika bao hilo tu, kwa hiyo ile aliyoichora kwa ustadi haikuwa na kazi yoyote, ilikuwa pambo!

Najua mtasema mwalimu amezeeka, vijana wanataka magari na bunduki. Hebu niambieni, mchezo wa 2048 una gari gani? Mwaka 2014 Gabriele Cirulli, Mtaliano wa miaka 19, aliuandika kwa mapumziko ya mwisho wa wiki moja, nao ni miraba 16 yenye namba tu. Uzito wake wote umo katika kanuni, na kanuni za bao ni nzito kuliko hizo mara nyingi.

Juu ya programu za huduma nilikuwa na mengi, ila naona mwenye ukumbi anatazama saa. Na saa yenyewe ni mfano: boti ya 7:00 asubuhi kwa mama yako ni ya saa moja, nawe ukimwandikia "saa saba" atafika bandarini mchana, boti imeshapita Nungwi, kaskazini kabisa mwa Unguja. Anayetengeneza programu ya maji kujaa na kupwa kwa wakulima wa mwani, aende Paje akawaulize kina mama tofauti ya bamvu, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Sina muda wa kueleza zaidi.

Alhamisi ijayo kompyuta zibaki nyumbani. Kila wawili walete bao moja na kete 64, zihesabiwe kabla ya kuingia darasani, na yule mzee nimeshamwalika.