Taa Iliyo Nyuma ya Kioo

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Swali nililopewa ni fupi: kioo cha kompyuta mpakato hudumu muda gani kabla hakijafifia? Niruhusuni nilipinge kidogo. Katika mashine nyingi kioo chenyewe hakitoi mwanga hata chembe. Ni tabaka la fuwele za kimiminika linalofungua na kuziba njia ya mwanga, mfano wa pazia dirishani. Mwanga hutoka kwenye taa iliyo nyuma yake, na taa hiyo ndiyo inayozeeka.

Zamani taa ilikuwa mrija mwembamba wenye zebaki, ndugu wa zile taa ndefu za darini. Wenye umri wangu mtakumbuka: mashine ikichakaa, ukiiwasha asubuhi kioo huja na wekundu wa machweo, usubiri kipate moto. Kisha siku moja kinakuwa giza tupu. Ukikimulika kwa tochi, maandishi unayaona yamo palepale.

Siku hizi tunatumia LED, yaani vitaa vidogo vya kielektroniki, na hapa kuna jambo linalonifurahisha. LED nyeupe kwa kweli ni ya buluu, imepakwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya ule mwanga. Jicho likichanganya, linaona weupe. Waliotupa buluu hiyo, Akasaki, Amano na Nakamura, walipata Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Adui wa LED ni joto: mwanga hupungua polepole, na rangi nayo yaweza kuhama.

Sasa zile saa za uhai wa taa zinazoandikwa kwenye karatasi za watengenezaji. Tuseme wameandika 30,000. Ukitumia saa 8 kila siku, hizo ni siku 3,750, zaidi ya miaka 10. Lakini siku ya 3,751 kioo hakizimi! Kwa kawaida hesabu hiyo ni ya mwanga kushuka hadi nusu ya ule wa siku ya kwanza. Na nusu hiyo jicho halitaiona kuwa nusu, maana jicho halipimi mwanga kwa rula. Mtoto anayekua nyumbani, mgeni ndiye anayegundua amerefuka. Ukitaka kujua, weka mashine yako kando ya mpya, zote mwanga juu kabisa.

Vioo vya aina ya OLED, visivyo na taa ya nyuma, ni habari nyingine. Humo kila nukta ni taa yake yenyewe, na za buluu huchoka mapema kuliko nyingine. Mstari wa alama za programu ukingoni mwa kioo, uliokaa mahali pamoja miaka mingi huweza kuacha kivuli kisichofutika. Ukiwa na kioo cha aina hii, punguza mwanga, ufiche huo mstari.

Naona mkono pale. Anauliza kama picha zinazotembea mashine ikiwa imetulia zinasaidia. Kwenye OLED kidogo, kwa sababu hazikai mahali pamoja. Kwenye kioo cha kawaida hazisaidii kitu: taa ya nyuma inawaka vilevile, saa zinahesabika. Acha kioo kizime chenyewe.

La mwisho, kabla hujakitupia kioo lawama. Kuna waya unaopita kwenye bawaba, nao hupindwa kila unapofunua na kufunika. Picha ikicheza unaposogeza kifuniko, mwambie fundi aanzie hapo.