Viwanja vya Free Frank

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuko Pike County, jimbo la Illinois, Marekani. Ukipita hapo kwa gari utaona nyasi na mashamba tu, kumbe palikuwa na mji. Kaka Baraka, uliitwaje?

BARAKA: New Philadelphia. Aliupima mwaka 1836 mtu aliyezaliwa utumwani, Frank McWorter, maarufu kwa jina la Free Frank. Ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza anayejulikana kupima mji na kuusajili kisheria. Viwanja 144!

ZUHURA: Lakini tuanzie Kentucky, jimbo alikokuwa mtumwa, maana bila Kentucky mji huu hauelezeki.

BARAKA: Kweli, dada. Kule bwana wake alimruhusu kufanya vibarua kwa watu wengine, mradi amletee fedha. Frank akawa anachimba shura mapangoni, ile ya kutengenezea baruti. Vita na Uingereza vilipozuka mwaka 1812, baruti ikatakiwa sana, naye akaweka akiba. Mwaka 1817 akalipa dola 800.

ZUHURA: Akajikomboa?

BARAKA: Hapana! Alimkomboa mkewe, Lucy.

ZUHURA: Hapo tusipite haraka. Kisheria, mtoto alifuata hali ya mama. Lucy alikuwa mjamzito, kwa hiyo uhuru wake ulikuwa uhuru wa aliye tumboni pia. Mtoto huyo, Squire, akazaliwa huru, hakuna wa kumdai. Frank mwenyewe alibaki mtumwa hadi 1819, akajilipia naye dola 800. Kila nikisoma habari hii nasimama hapo kwanza.

BARAKA: Na waliozaliwa kabla ya Squire walibaki mikononi mwa mabwana. Mmoja wao, Frank mdogo, alitorokea Kanada. Mwaka 1829 baba yake akatoa kazi yake yote ya shura ili mwanawe awe huru. Mwaka uliofuata familia ikafunga safari ya Illinois.

ZUHURA: Ndipo tunaelewa vile viwanja. Kiwanja kikiuzwa, fedha inakwenda kumkomboa mtu.

BARAKA: Hasa. Waliokombolewa kwa juhudi zake, pamoja naye, ni watu 16 wa familia. Na wanunuzi wa viwanja walikuwa weusi na wazungu, majirani kabisa, huku ng'ambo ya mto Mississippi, jimboni Missouri, utumwa ukiendelea.

ZUHURA: Halafu ikaja reli.

BARAKA: Sensa ya jimbo ya 1865 ilikuta watu wapatao 160. Mwaka 1869 reli ikajengwa, ikapinda na kupita kaskazini ya mji. Biashara ikafuata reli, watu wakafuata biashara. Mwaka 1885 sehemu kubwa ya mji ikafutwa rasmi, ikawa shamba.

ZUHURA: Wapo wanaakiolojia wanaoona ubaguzi katika kupinda kule, nami nakubaliana nao.

BARAKA: Hao hao ndio waliochimba pale wakakuta misingi ya nyumba, misumari, vipande vya sahani, hata gololi za watoto. Mwishoni mwa 2022 mahali pale pakawekwa chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa.

ZUHURA: Frank aliiona hiyo reli?

BARAKA: Hakuiona. Alifariki mwaka 1854, na wapo wajukuu zake waliokuwa bado utumwani. Aliacha wosia wakombolewe, na wanawe wakaendelea kulipa.