Kufufua Peugeot 504 Iliyoliwa na Kutu, Hapa Hapa Nyumbani Malindi

Assalaam aleikum, karibuni uani kwetu. Gari mnaloliona nyuma yangu ni Peugeot 504 ya safu 3 za viti, katika zile zilizokuwa zikibeba abiria kabla ya matatu za Nissan kuchukua kazi. Lilikuwa la marehemu ami yangu. Limebeba maharusi, limebeba wagonjwa, limebeba magunia ya nazi. Kisha likaegeshwa chini ya mwembe huu, mahali ambapo usiku unasikia mawimbi, na chumvi ikalila taratibu.

Nimeshauriwa mara nyingi niliuze kama chuma chakavu. Siuzi. 504 zilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa gari la aina hii, kwenye barabara zetu za vumbi na matope. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504 ya milango 2. Gari lenye moyo kama huo halitupwi kwa sababu ya kutu.

Leo nawaonyesha kazi ya bodi peke yake. Injini na breki nitazifanyia video zake.

Tuanze. Kabla hujashika spana, shika bisibisi kuukuu na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa. Gonga bodi kwa mpini wa bisibisi, polepole, kila mahali. Sikilizeni hapa kwenye paa: ti, ti, ti. Bati zima lina sauti kavu. Sasa sikilizeni hapa chini ya mlango. Umesikia? Sauti imekufa. Na sumaku nikiiweka hapa haishiki, inateleza. Maana yake chini ya rangi hii kuna puti, ule ujazo wa kuzibia mashimo, na chini ya puti hakuna chuma.

Mwanangu, sogeza kamera. Mpwa wangu ndiye anayepiga picha. Onyesha boksi hili refu la chini ya milango, pale mguu unapopita mtu akiingia. Nje kuna kipele kidogo cha rangi, kama ukucha. Nasukuma bisibisi... imezama yote. Boksi hili liko wazi ndani, maji huingia, chumvi hukaa, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Ukiiona nje, ujue imeshafanya kazi miaka. Kwa hiyo kagueni pia chini ya milango, nyuma ya taa za mbele, matao ya magurudumu ya nyuma, na sakafu chini ya zulia. Zulia liondoe lote, usilifunue nusu.

Kwa nini pwani tunaonewa hivi? Kutu inahitaji maji na hewa tu. Chumvi inafanya maji hayo yapitishe umeme vizuri zaidi, na hapo chuma huoza haraka. Tena chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo bati lenye chumvi halikauki kabisa hata kama mvua haijanyesha. Wakati wa kusi, upepo unapotoka baharini, hata bawaba za madirisha hutokwa na machozi mekundu.

Haya, tunainua gari. Jeki ya kuinulia, stendi za chuma za kulikalisha. Usikalishe gari juu ya mawe ya matumbawe wala matofali, yanapasuka bila kukuonya, na wewe uko chini. Ondoa betri. Ondoa tangi la petroli na ulipeleke mbali na hapa. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu lina mvuke, na cheche moja ya kuchomelea inatosha.

Kila unachofungua, piga picha kwanza, kisha nati na bolti zake ziingie kwenye mfuko wake zikiwa na jina. Andika "mlango wa mbele kushoto". Baada ya miezi 3 hutakumbuka. Nati zilizogoma zipake mafuta ya kulegeza usiku, jaribu asubuhi. Vitu vidogo vyenye kutu, kama bawaba na mabano, viloweke kwenye siki usiku mmoja. Hii yangu ni siki ya mnazi, tembo lililochacha, na inafanya kazi vizuri. Ukivitoa, vioshe kwa maji yenye magadi ya kupikia ili kuua ukali wa siki, kausha, paka mafuta papo hapo. Springi na bolti za usukani usiziloweke. Chuma kigumu kikikaa kwenye asidi kinaweza kukatika baadaye kikiwa kazini.

Sasa kukwangua. Brashi ya waya kwenye grainda, miwani, barakoa nzuri, shati la mikono mirefu. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo palipobaki rangi nasugua kwa msasa wa maji ili vumbi lisiruke. Na watoto hawaji uani siku hiyo. Ukikuta vumbi jeusi kwenye breki usilipulize, lining'i za zamani huweza kuwa na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Lilowanishe ulifute kwa kitambaa kibichi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi nyingi za pwani zinapoharibika.

Bati limeng'aa, limekuwa jeupe, na moyo unakuambia paka rangi. Usipake. Tazameni kwa karibu vile vishimo vidogo vyeusi. Ndani yake bado mna chumvi, na brashi haifiki. Ukipaka rangi juu yake, umeifungia adui chumbani pamoja na mali yako. Niliwahi kupeleka pikapu kwa fundi mmoja, akalisugua, akalijaza puti, akalipiga rangi nzuri mno. Nililipa nikifurahi. Kusi moja tu ikapita, rangi ikafura kama mkate wa mofa. Iliniuma sana, na ndiyo sababu nikaanza kuifanya kazi hii mwenyewe.

Chumvi huondolewa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Na hapa Malindi lazima uulize maji yako yametoka wapi. Visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvi. Yaonje. Ukiosha gari kwa maji hayo umeirudisha chumvi kwa mikono yako. Mimi natumia maji ya bomba, yanayotoka Baricho kwenye mto Sabaki, au ya mvua niliyoyakinga kwenye tangi. Yachemshe, mimina yakiwa ya moto, sugua kwa brashi ngumu, suuza. Kausha. Kesho yake tazama: vishimo vikitoa tena unyevu na rangi ya machungwa, chumvi bado ipo. Rudia. Gari hili nimelirudia mara 4 upande wa kushoto na mara 6 upande ulioelekea bahari. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato.

Likishatulia, palipobaki alama nyeusi napaka dawa ya kugeuza kutu. Nyingi zina asidi ya fosfori au tanini, na kutu inageuka kuwa ngozi nyeusi iliyoshikamana. Tanini ndiyo ile iliyojaa kwenye magome ya mkoko, iliyokuwa ikitumika kutengenezea ngozi. Lakini tafadhali, nunueni dawa dukani, mikoko iacheni isimame.

Palipotoboka, hapana dawa. Panakatwa. Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima, hata kama shimo litakuwa kubwa kuliko ulivyotaka. Lakini kabla ya kukata boksi la chini ya milango, chomelea bomba la chuma kukingama uwazi wa mlango, kama mnavyoona hapa. Usipofanya hivyo bodi italala, na milango haitafunga tena maisha. Fanya upande mmoja, umalize, ndipo uhamie wa pili.

Kiraka ni bati la chuma la milimita 1. Usitumie mabati ya kuezekea. Yamepakwa zinki, na moshi wake ukiuvuta unakupa homa na kutetemeka usiku. Kwanza kata kiolezo cha katoni, kikikaa sawa kihamishie kwenye bati. Mashine ya kuchomelea inayofaa ni ya waya na gesi. Ile ya vijiti inatoboa bati jembamba. Piga nukta moja hapa, nyingine mbali kule, rudi katikati, acha ipoe. Ukichomelea mstari mzima kwa pumzi moja, bati litajikunja kama kaukau.

Praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kukinga bati, ipakwe siku hiyo hiyo bati lilipokauka. Hewa yetu haingoji, ukilala nalo wazi utaamka limeshapata rangi ya chai. Puti huja juu ya praima, si chini yake, na isizidi milimita 3, kwa sababu puti hunywa maji. Msasa namba 80, kisha 180, kisha 320, na 400 kabla ya rangi.

Rangi napuliza asubuhi, umande ukishakauka na upepo haujaamka. Miezi ya Januari na Februari ndiyo nzuri. Mwezi Mei usijaribu kabisa. Mwaga maji chini ili vumbi litulie, barakoa ya kemikali usoni, tabaka 3 nyembamba badala ya moja nene.

Mwisho ni ndani ya maboksi, mahali pasipoonekana. Nta ya kuzuia kutu, ya moto kidogo, napuliza kwa mrija mrefu mpaka itoke upande wa pili. Kisha natafuta vitundu vya kutolea maji chini ya milango. Watu huviziba kwa puti wakidhani ni matundu ya kutu. Vizibue kwa waya. Gari lilale kwenye banda la makuti lililo wazi pembeni, lipate hewa. Turubai la nailoni hulifungia jasho. Na kila wiki, maji ya bomba chini ya gari, hasa ukipita ufukweni.

Haya mwanangu, leta mpira wa maji, tumimine juu ya kioo cha mlango huu. Kamera iweke chini. Tazameni... yanashuka ndani... na yale yanatoka kwenye kitundu. Meupe, hayana wekundu hata kidogo.