Herufi Ambayo Kozi Hakuipata

Ahsanteni. Mwenyekiti amenitambulisha kuwa ni "yule bwana wa ndege za Mtaliano", na nimewaona wa safu ya nyuma mkichekeana. Najua sababu. Mara ya mwisho nilipewa dakika arubaini nikazimaliza zote kwenye injini moja. Leo nimeahidi kuyafikia matoleo yote. Tutaona.

Ndege yenyewe ni Fiat CR.42, jina la kazi Falco, yaani kozi. C ni caccia, uwindaji. R ni Rosatelli, mhandisi Celestino Rosatelli aliyeichora. Iliruka mara ya kwanza Mei 1938. Mabawa ya ghorofa, moja juu moja chini. Magurudumu hayakunjwi. Rubani kichwa nje, upepo unamchapa usoni. Na hapo ndipo kila mtu huniuliza: jamani, mwaka 1938, Mwingereza ana Spitfire, Mjerumani ana Messerschmitt, zote za bawa moja na magurudumu ya kukunjwa, hawa walikuwa wajinga?

Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamesifiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kabla ya hii kulikuwa na CR.32, ya ghorofa vilevile, na kule Hispania kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe ilipiga kazi nzuri sana. Marubani walirudi nyumbani wakitaka kitu kilekile, chepesi, kinachojipinda angani kama samaki majini. Wakapewa. Tena Mwingereza mnayemsifu naye alikuwa na Gladiator, ya ghorofa pia, na huku kwetu ndizo zilizokutana. Kwa hiyo kicheko tukigawane sawasawa.

Sasa injini. Msigune, nitakuwa mfupi. Fiat A.74, silinda 14 zilizopangwa duara, nguvu za farasi 840. Mwendo wa ndege ukawa kama kilomita 430 kwa saa. Ninachotaka mkishike ni hiki: injini hiyohiyo ndiyo iliyokuwa kwenye Fiat G.50, na ndiyo iliyokuwa kwenye Macchi C.200. Ndege tatu, injini moja, farasi walewale 840. Italia ilikuwa na wachoraji hodari wa ndege, lakini injini kubwa ya kuaminika hawakuwa nayo. Ukilielewa hilo, historia yote ya matoleo inafunguka. Usipolielewa, utabaki unakariri namba kama abiria anayesoma ubavu wa matatu.

Kwa nini nasema hivyo? Tazameni Macchi. C.200 ilipotolewa injini yake na kupewa Daimler-Benz ya Mjerumani ikawa C.202, Folgore, radi yenyewe. Ikapewa kubwa zaidi, ikawa C.205. Kila namba mpya ni injini mpya. Kozi hakupanda namba. Alibaki 42 tangu 1938 hadi vita vinakwisha, akawa anaongezewa herufi tu mkiani. Na herufi, ndugu zangu, ni malalamiko. Marubani wanalalamika, kiwanda cha Fiat kule Torino kinasikia, kinafunga kifaa, kinaandika herufi.

Kuna aliyewahi kunikatiza: lakini Kozi naye alijaribiwa injini ya Mjerumani! Kweli. CR.42 DB, mwaka 1941, ndege moja tu. Ikakimbia takriban kilomita 520 kwa saa, na hakuna ndege ya ghorofa inayojulikana kuipita. Halafu? Halafu basi. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Injini za Mjerumani zilihesabiwa moja moja. Ukiwa na injini ya Folgore utaifunga kwenye Folgore, si kwenye ghorofa. Walioikataa walikuwa na akili timamu, na mimi napenda kuisimulia hadithi hii kwa sababu inaumiza.

Turudi kwenye herufi. Ya kwanza AS, Africa Settentrionale, Afrika Kaskazini. Libya. Kule mchanga uliingia injini ukaitafuna kama msasa. Rubani akalalamika, kiwanda kikafunga kichujio cha hewa. Baadaye ndege ikaonekana haiwezi tena kupigana na ndege za kisasa, ikabebeshwa mabomu mawili ya kilo 100 chini ya mabawa, ikageuzwa punda. Herufi zikabaki zilezile.

Lakini mbona hakuna AO?

Hili ndilo lililonileta. Africa Orientale, Afrika Mashariki, ndiyo iliyokuwa Ethiopia, Eritrea na Somalia ya Mtaliano. CR.42 zilikuwepo huko. Zilipigana kuanzia Juni 1940, jirani yetu hapa, tena si uwanja mdogo: babu zetu wa Keya, askari Waafrika wa jeshi la Mwingereza, walitoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland wakapanda hadi huko, ndege hizo zikiruka juu ya vichwa vyao. Huko nako kulikuwa na vumbi, viwanja vilivyo juu milimani ambako hewa ni nyepesi na injini inahema, matairi yaliyokwisha, vipuri visivyokuwepo. Malalamiko yalijaa tele. Herufi hawakupata. Kwa nini? Kwa sababu Suez ilikuwa mkononi mwa Mwingereza. Hakuna meli iliyopita. Malalamiko yalifika kwa simu ya upepo, lakini kichujio hakisafiri kwa simu.

Mzee mmoja huwa ananiambia, hao hao ndio waliopiga mabomu Malindi mwaka 1940. Hapana, mzee wangu. Malindi ilipigwa na ndege za kubebea mabomu, jamii nyingine kabisa. Kozi asingefika Malindi akarudi. Siku hizi Mtaliano anakuja Malindi na mkewe, analipa hoteli, yameisha hayo.

Nilikuwa wapi? Suez. Walichofanya Waitaliano hapo nakiheshimu kuliko ndege yenyewe. Walikuwa na ndege kubwa ya mizigo, Savoia-Marchetti SM.82, watu wakiiita Canguro, kangaruu. Walimfungua Kozi vipande: mabawa huku, mkia kule, kiwiliwili katikati, wakamsukumiza tumboni mwa Kangaruu kama mnavyopakia pikipiki kwenye buti la basi. Kisha wanaruka kutoka Libya, wanapita juu ya Sudan, ambayo ni ya adui, hadi nyanda za juu za Eritrea na Ethiopia. Wanamshusha, wanamfunga upya, anapigana. Zaidi ya ndege 50 zilikuja hivyo. Hamsini! Moja tumboni mwa nyingine. Mtu akiniambia Waitaliano walikuwa wavivu vitani namwambia akajaribu hiyo kwanza.

Na waliozirusha walijua kazi. Mario Visintini, Eritrea, aliangusha ndege zaidi ya 15 akiwa na Kozi huyuhuyu asiye na herufi. Tarehe 11 Februari 1941 hali ya hewa ilichafuka, wenzake wakatua kwa dharura. Yeye alikuwa salama. Akarudi angani kuwatafuta, akaugonga mlima karibu na Nefasit. Hakuuawa na Hurricane wala Gladiator ya Mwingereza. Ukungu na jiwe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naam, naam.

CN, ya usiku: mabomba marefu ya kuficha moto wa injini, na taa za msako chini ya mabawa. Egeo, ya visiwa vya Ugiriki: tangi la ziada la mafuta. ICR.42, ya kutua majini, ikajengwa moja, ikatosha. LW ni ya Wajerumani: Italia ilipojitoa Septemba 1943, Mjerumani akaiambia Fiat iendelee kujenga, akazitumia usiku dhidi ya wapiganaji wa msituni. Baada ya vita kukawa na ya viti viwili, ya kufundishia. Sweden walinunua 72 wakaziita J 11. Ubelgiji walinunua, na wakazitumia Mei 1940 dhidi ya Mjerumani, rafiki wa Mtaliano aliyewauzia. Hungary nao. Jumla zilijengwa zaidi ya 1,700, kuliko ndege yoyote ya kivita ya Mtaliano katika vita vile. Nimeyafikia yote, mwenyekiti, umeona?

La mwisho, Gondar. Asmara imeanguka, Addis Ababa imeanguka, yote hayo Aprili 1941. Gondar peke yake inashikilia hadi Novemba, na juu yake zinaruka CR.42 za mwisho. Tarehe 24 Oktoba 1941 rubani wa mojawapo, Ildebrando Malavolta, aliangushwa na Gladiator ya kikosi cha Afrika Kusini. Ghorofa kwa ghorofa. Wale wa Afrika Kusini wakarudi na ndege wakadondosha ujumbe wa heshima kwa ajili yake. Mwezi uliofuata brigedi zetu za Afrika Mashariki zilikuwemo katika jeshi lililoingia Gondar, na angani hapakuwa na Mtaliano tena.

Haya, maswali. La Spitfire silijibu.