Chungwa, Karanga na Njia Mbili za Kwenda Mwenge

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokuja na madaftari, asanteni kwa kuvumilia foleni ya jioni mkafika.

Nimealikwa kuzungumzia vitabu vya hisabati vilivyodumu: vya jiometria; vya topolojia, yaani elimu ya yale yasiyobadilika umbo likipindwa au kuvutwa bila kuchanwa; na vya milinganyo ya difrensha, ile inayoeleza jinsi mambo yanavyobadilika. Nimekuja na mfuko. Ndani mna vitabu vitatu, machungwa sita, kisu, na karanga nilizonunua hapo nje, zile za kufungwa kwenye karatasi. Vyote vina kazi.

Nilipokuwa mwanafunzi, fani hizi tatu tulifundishwa kama majirani wasiosalimiana. Jiometria tuliiacha sekondari. Milinganyo ya difrensha tuliikuta chuoni, tukapewa mbinu za kukariri: ukiona umbo hili, zidisha hapa, ukiona lile, gawanya pale. Topolojia ilikuja mwishoni, kwa wachache waliobaki. Siku moja nilimuuliza mwalimu wangu zinahusiana vipi. Akanijibu kwamba hilo haliko kwenye mtihani. Jibu lile lilinikaa moyoni kwa miaka, na leo nataka kulijibu upya. Vitabu ninavyovipenda katika fani hizi ni vile vilivyobomoa kuta kati yake.

Nianze na hiki chenye jalada lililochakaa. Nilikipata Posta, kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa chini kando ya barabara. Kilikuwa kimebanwa katikati ya vitabu vya uhasibu. Ni kitabu cha milinganyo ya difrensha cha Mrusi Vladimir Arnold, kilichotoka kwa Kirusi mwaka 1971 na kwa Kiingereza 1973. Nilikifungua nikitegemea kukutana na fomula. Katika kurasa za mwanzo nikakuta swali la barabara. Nitawasimulia kwa barabara zetu.

Kutoka Posta kwenda Mwenge unaweza kupita Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, au ukapita Barabara ya Morogoro mpaka Ubungo, kisha ukakata kulia kushika Sam Nujoma. Chukulieni kwamba njia hizi mbili hazikutani popote isipokuwa mwanzoni na mwishoni. Magari mawili yanaondoka Posta, kila moja na njia yake, yamefungwa kwa kamba iliyonyooka juu ya mapaa ya nyumba. Tuseme kamba hiyo ni fupi kuliko kilomita 8. Yanafika Mwenge salama, kamba haikukatika.

Sasa fikirieni matairi mawili makubwa mno yaliyolazwa chini, kila moja likiwa na kilomita 4 kutoka kitovuni hadi ukingoni. Kitovu cha la kwanza kinatoka Posta kwenda Mwenge kwa njia ya Mwinyi. Kitovu cha la pili kinatoka Mwenge kuja Posta kwa njia ya Ubungo. Je, yanaweza kupishana bila kugusana?

Choreni mraba. Upande wa chini uwe njia ya Mwinyi: kushoto Posta, kulia Mwenge. Upande wa kusimama uwe njia ya Ubungo: chini Posta, juu Mwenge. Nukta moja ndani ya mraba inawaambia mahali vilipo vyombo viwili kwa wakati mmoja. Safari ya magari yenye kamba inakuwa mstari unaoanza kona ya chini kushoto na kuishia kona ya juu kulia. Safari ya matairi inaanza kona ya juu kushoto, inaishia kona ya chini kulia. Ipindeni mistari hiyo mpendavyo, lazima itakutana. Na inapokutana, vitovu vya matairi viko palepale yalipokuwa magari wakati fulani, yaani umbali kati yao haufiki kilomita 8. Matairi yamegongana.

Hatukuuliza mwendo wa gari. Hatukuandika fomula hata moja. Umbali ni jiometria. Mistari kulazimika kukutana ni topolojia. Na ule mraba, ambao kila nukta yake ni hali nzima ya mambo, ndio uwanja ambamo milinganyo ya difrensha hufanya kazi zake. Arnold aliviweka vyote mlangoni kabla hajamfundisha msomaji kukokotoa chochote. Niliusoma ukurasa ule mara nne nikiwa nimekaa kituoni, daladala zikija na kuondoka.

Cha pili ni cha zamani kuliko vyote, kitabu cha Euclid wa Alexandria, cha mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo, chenye sehemu 13. Kimepita mikono mingi. Baghdad walikitafsiri kwa Kiarabu, na kutoka Kiarabu kikaingia Kilatini. Ndani yake mna kauli moja kuhusu mistari sambamba iliyowasumbua wasomaji kwa zaidi ya miaka 2,000. Kwa maneno mepesi: kupitia nukta iliyo nje ya mstari, unapita mstari mmoja tu ulio sambamba nao. Wanahisabati wa Uajemi, Omar Khayyam na baadaye Nasir al-Din al-Tusi, waliishughulikia. Wengi walitaka kuithibitisha kutokana na kauli nyingine. Mwaka 1829, Mrusi Lobachevsky, akiwa mji wa Kazan, alichapisha jiometria isiyoifuata kabisa.

Hapa ndipo karanga zinapoingia. Niifungue karatasi hii, nichore pembetatu juu yake. Pembe zake tatu zinajumlika kuwa nyuzi 180, kama Euclid alivyosema kwa kuitegemea kauli ileile ya mistari sambamba. Sasa naisokota tena iwe koni, kama alivyoifunga muuzaji. Karatasi imepinda mbele ya macho yenu. Lakini sisimizi anayetembea juu ya pembetatu ile hajui lolote. Karatasi haikuvutika, haikukunjamana, urefu ni uleule na pembe ni zilezile.

Sasa chungwa. Nalikata mara moja kiunoni, kisha mara mbili kutoka kikonyoni hadi chini, kwa msalaba. Vipande vinane. Tazameni ganda la kipande kimoja: ni pembetatu, na kila pembe yake ni nyuzi 90. Jumla ni 270! Sisimizi wa hapa akipima atajua kwamba haishi kwenye karatasi, bila hata kupaa angani kuitazama nyumba yake kwa nje. Na ganda hili ukilibonyeza mezani lilale kama chapati, linachanika. Lilaze upendavyo, litachanika.

Hilo alilithibitisha Mjerumani Gauss mwaka 1827, katika andiko lake la Kilatini kuhusu nyuso zilizopinda. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi ya kupima ardhi ya Hannover, milima na tambarare, na mimi naamini vumbi la kazi hiyo limo katika kila ukurasa wa andiko lile. Ndiyo maana hakuna ramani bapa ya dunia inayoweza kuhifadhi umbali wote kwa usahihi. Ramani zinazoning'inia madarasani mwetu zinaionyesha Afrika ndogo kuliko ilivyo ukiilinganisha na Greenland. Mchoraji alilazimika kuvuta mahali fulani.

Cha tatu ni chembamba. Ni cha topolojia, cha John Milnor, Mmarekani, kilichotokana na mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Virginia mwezi Desemba 1963, kikachapwa 1965. Kurasa zake hazifiki 80. Ndani yake mmethibitishwa jambo ambalo watu wa pwani wangelipenda.

Sisi tunazijua kaskazi na kusi. Pepo hizo zilileta majahazi na kuyarudisha. Chukueni upepo wote unaovuma usawa wa ardhi duniani kwa dakika hii, na mchukulie kwamba haurukiruki ghafla kutoka nukta moja hadi ya jirani. Basi, kwa lazima, kuna mahali fulani duniani ambapo hauvumi kabisa. Tufe haliruhusu vinginevyo. Kama dunia ingekuwa na umbo la pete, upepo ungeweza kuzunguka bila kutulia popote. Umbo ndilo linaloamua.

Mbegu ya wazo hilo iko kwa Mfaransa Henri Poincaré. Kati ya 1881 na 1886 aliandika mfululizo wa makala kuhusu milinganyo ya difrensha, na badala ya kusaka fomula ya jibu aliuliza jibu lina umbo gani: linazunguka, linatulia, au linakimbia? Maswali hayo yalimfikisha kwenye topolojia, na 1895 akaiandikia andiko lake kubwa. Kumbe lile swali langu la chuo Poincaré alikuwa amelijibu miaka mingi kabla sijazaliwa.

Vingine nivitaje upesi. Anayeanza topolojia ashike cha Munkres cha 1975. Kina subira na msomaji. Cha jiometria cha Hilbert na Cohn-Vossen, cha 1932, kisomwe na yeyote anayependa picha. Mkikishika mkumbukeni Cohn-Vossen, Myahudi aliyefukuzwa kazi Ujerumani mwaka 1933, akafia Moscow 1936. Na kwa nyuso zilizopinda kuna cha Manfredo do Carmo cha 1976. Do Carmo alikuwa Mbrazili, kazi yake ilikuwa Rio de Janeiro, na kitabu chake kinafundishwa mpaka Ulaya. Hilo nalisema kwa makusudi mbele ya vijana wa Dar es Salaam.

Jinsi ya kusoma? Polepole, na penseli mkononi. Ukurasa mmoja kwa jioni moja unatosha, ilimradi umeuchora, umeujaribu kwa mfano wako, na umejiuliza ingekuwaje sharti moja likiondolewa. Kwa mfano, njia zetu za Mwenge: je, kama zingekatana katikati, hoja ya mraba ingevunjika? Msinijibu sasa. Yamebaki machungwa matano na kisu ni kimoja, basi tupeane zamu. Na ubao ule pale nyuma uko wazi kwa atakayekuwa wa kwanza kuuchora mraba.